Pop Inapobadili Ngozi (Sehemu ya Pili): Radiohead Waweka Gitaa Kando

Juma lililopita tulimwacha David Bowie mjini Berlin mwaka 1977. Leo tunaruka miaka ishirini na ushei hadi kwa Radiohead, vijana watano wa Oxford, Uingereza. Albamu yao ya OK Computer ya mwaka 1997 ilisifiwa kila kona, na ziara iliyofuata ikawamaliza nguvu. Mwimbaji Thom Yorke akafika mahali pa kuichukia hata sauti yake mwenyewe. Akajizamisha katika kazi za Aphex Twin na Autechre, wasanii wa kampuni ya Warp, ambao nyimbo zao nyingi hazina mwimbaji wala mpiga solo.

Kwa bendi yenye magitaa matatu, kuifuata njia hiyo kulikuwa mtihani. Mpiga dramu Phil Selway afanye nini mdundo ukitoka kwenye mashine? Albamu iliyofuata, Kid A, waliirekodi Paris, Copenhagen na kwao Uingereza, prodyuza akiwa Nigel Godrich, wakavutana hadi habari ya kuvunja bendi ikazungumzwa waziwazi.

Anayedhani mashine humpunguzia mwanamuziki kazi ausikilize wimbo wa Idioteque wa albamu hiyo. Mpiga gitaa Jonny Greenwood alichezea sinthesaiza ya nyaya kwa takriban dakika hamsini, akarekodi kila kilichotoka, akamkabidhi Yorke. Katika rundo lile Yorke alikuta kipande kisichofika dakika moja kilichomgusa, mengine akayaacha. Na kipande chenyewe kilikuwa na sauti za kuazima: makodi manne kutoka mild und leise, kazi ambayo Paul Lansky aliitunga mwaka 1973 kwa kompyuta kubwa ya IBM katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani. Lansky naye alikuwa amechimba kwa Wagner, katika opera ya Tristan und Isolde. Basi kijana aliyerukaruka ukumbini mwaka 2000 alikuwa akichezea opera ya karne ya 19, bila habari. Greenwood aliomba ruhusa, na jina la Lansky limo kati ya watunzi wa wimbo.

Chombo kingine kilichowatoa kwenye gitaa ni ondes Martenot, kilichobuniwa na Mfaransa Maurice Martenot na kuonyeshwa hadharani Paris mwaka 1928. Mpigaji huvaa pete kidoleni mwa mkono wa kulia, nayo imefungwa kwenye uzi unaopita mbele ya vibonyezo. Akiisogeza kulia sauti hupanda, kushoto hushuka, ikiteleza kama ya mtu anayelia. Mkono wa kushoto hukandamiza kitufe cha kuamua ukubwa wa sauti, ukikiachia, kimya.

Katika wimbo wa Kid A, uliobeba jina la albamu, chombo hicho kiliunganishwa na vokoda. Vokoda hupima nguvu ya sauti ya msemaji, ukanda kwa ukanda, kisha huilazimisha sauti ya chombo kingine ifuate umbo hilohilo. Yorke akasema maneno, Greenwood akatoa lahani. Yorke alieleza baadaye kwamba maneno yale asingeweza kuyaimba kwa sauti yake ya kawaida, nami namwamini: ni makali mno kutamkwa uso kwa uso.

Kichekesho ni Treefingers. Huo ndio wimbo ulio mbali kabisa na roki, mawingu matupu ya sauti, kumbe ni gitaa la mwanabendi Ed O'Brien lililokatwakatwa na kunyooshwa ndani ya kompyuta. Kwangu ndio dhaifu kuliko zote, lakini unaonyesha kuwa gitaa halikufukuzwa, lilipangiwa kazi nyingine.

Kid A ilitoka Oktoba 2000 bila singo hata moja, ikashika namba moja Uingereza na Marekani. Nick Hornby, mwandishi wa riwaya, aliikosoa vikali katika The New Yorker. Bendi ikaenda jukwaani, na pale Selway akapata jibu lake: akaupiga mdundo wa Idioteque kwa mikono na miguu yake, sambamba na mashine.

Juma lijalo tutamfuata mwimbaji Björk hadi Hispania, alikokwenda kutengeneza albamu ya Homogenic pamoja na Mark Bell wa kundi la LFO, mtu mwingine wa Warp.