Je, wajua samaki wa Ziwa Nyasa wana jeni saba za kuonea rangi?

Binadamu huona rangi kwa aina tatu za protini iitwayo opsini. Samaki wadogo wa mawe ya Matema, kwenye ufuko wa ziwa hilo, wa jamii ya perege na furu ambayo wataalamu huiita sikilidi, wana jeni saba za opsini za rangi, na nyingine ya kuonea gizagiza. Opsini hukaa ndani ya utando wa seli za jicho. Mnyororo wake huuvuka utando huo mara saba, kama uzi unaoshona kitambaa, na katikati umeshika kipande kitokanacho na vitamini A. Mwanga ukikigonga, kipande hicho kilichojipinda hunyooka, protini nzima hubadilika umbo, na taarifa huanza safari ya kwenda kwenye ubongo. Kwa kuwa ukoo mzima una umbo hilo la msingi, aliyesoma jeni moja anaweza kuwasaka ndugu zake kwa kufuata mfanano. Karen Carleton na Thomas Kocher walichapisha uchambuzi wa jeni hizo za sikilidi wa Afrika mwaka 2001. Kufikia 2005 hesabu ya wale wa Nyasa ilikuwa imefika saba. Mbili za kijani zinafanana mno, mtu asipoangalia atazihesabu moja.

Lakini hesabu hiyo peke yake inapotosha. Samaki aliyekomaa kwa kawaida hutegemea tatu tu kati ya hizo saba, na spishi jirani huweza kutegemea tatu nyingine. Mmoja huwasha ile ya urujuanimno, mwanga tusiouona kabisa, unaosaidia kutambua vijidudu vinavyoelea majini. Mwingine huiacha imelala. Kwa hiyo kugundua jeni ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Mtu atauliza: jeni iliyolala mbona haikuharibika, ilhali isiyo na kazi hukusanya hitilafu kizazi hadi kizazi? Jibu moja ni kwamba kifaranga haoni kama mzazi wake. Katika spishi kadhaa, opsini iliyozimwa ukubwani ilikuwa kazini utotoni.

Pingamizi zito zaidi latoka Kisiba, ziwa la kreta lililoko Masoko, Rungwe, juu kidogo ya Kyela, ambalo wengi hulijua kwa hadithi za mali ya Wajerumani iliyozamishwa humo. Lina upana wa mita 700 hivi tu, lakini furu wake wamekwisha kugawanyika: madume ya manjano kandokando, ya bluu kilindini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulisoma jenomu za samaki 146 na kukuta maeneo 98 yanayowatenganisha. Opsini ya gizagiza imo, ila humo hakukuwa na haja ya jeni mpya: zilizopo zilitofautiana herufi chache, tofauti inayosomeka kwenye jeni zenyewe. Zaidi ya hapo, maeneo mengine yanahusu homoni na umbo la mwili, basi jicho halistahili sifa yote. Nakubali. Hata hivyo hoja inabaki: orodha ya jeni haikuambii samaki anaona nini. Kipande cha pezi, ambacho watafiti hukata ili kupata DNA, kinaonyesha jeni zilizopo. Kujua zipi zimewashwa kwenye maji ya tope ya mlango wa mto Kiwira, na zipi kwenye maji maangavu ya Matema, kunahitaji jicho lenyewe, la kifaranga na la mkubwa, lihifadhiwe upesi kabla RNA, nakala inayotolewa na jeni iliyowashwa, haijaoza.