Rimu na Tairi za Gari Lililoshushwa

Mtu akisha kulishusha gari lake kwa springi fupi, na roho yake ikaridhika na namna bodi ilivyoikaribia ardhi, aghalabu jambo linalofuata ni kutafuta rimu, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea, kwa sababu rimu huchaguliwa kwa macho ilhali hukaa garini kwa hesabu. Gari la kimo cha kiwandani lina nafasi ya kusamehe makosa. Lililoshushwa halina, kwa kuwa kila milimita iliyopunguzwa baina ya tairi na madigadi imetolewa katika akiba ile ile ambayo mwenye gari anataka kuitumia tena kwa rimu pana. Nitalitwaa Subaru Impreza kuwa mfano wa sura hii, kwa kuwa ni gari ambalo vijana wa Nairobi na Kampala hulienzi, na kwa kuwa vipimo vyake vina mafunzo mengi.

Yako mambo yasiyo na mashauriano. Impreza ya kawaida ina stadi tano zilizopangwa katika duara la milimita 100, ilhali ndugu yake STI, kuanzia toleo la 2005, zake zimo katika duara la milimita 114.3, sawa na Toyota nyingi za stadi tano; rimu ya hili haivai kwenye lile, na fundi anayejitolea kuzitoboa upya asisikilizwe. Tundu la katikati nalo lina kazi yake: habu ya Impreza ina kipenyo cha milimita 56.1, na rimu za dukani aghalabu hutobolewa milimita 73.1 ili zifae magari ya kila namna, basi nafasi inayobaki sharti izibwe kwa pete yenye kipimo hicho hasa, la sivyo rimu hukosa kukaa katikati barabara na usukani hutetemeka gari linaposhika mwendo. Hata nati si jambo la kudharau. Stadi za Subaru na za Toyota nyingi zina unene mmoja wa milimita 12, lakini meno ya Subaru yameachana kwa milimita 1.25 na ya Toyota kwa 1.5, hivyo nati ya Toyota hukubali kuanza kuingia kwa vidole kana kwamba ni yake, kisha spana ikitiwa nguvu hula meno ya stadi yote.

Baada ya hayo yaja hesabu ambayo ndiyo roho ya maarifa haya. Kila rimu ina uso unaolala juu ya habu, na umbali wa uso huo kutoka mstari wa kati wa upana wa rimu huitwa ofuseti, nao hupimwa kwa milimita na kuandikwa nyuma ya spoku mbele ya herufi ET au baada yake. Namba ikikua, rimu huingia ndani kuielekea shokapu. Ikipungua, hutoka nje kuuelekea ukingo wa madigadi. Tuseme rimu ya zamani ni ya upana wa inchi 6.5 na ET 48, na mwenye gari ametamani nyingine ya inchi 8 na ET 38. Nusu ya inchi 6.5 ni takriban milimita 82.5, ukiongeza 48 wapata 130.5, nao ndio umbali kutoka uso wa habu hadi mwisho wa ndani wa kikalio cha tairi. Ukiondoa 48 wabaki na 34.5 za upande wa nje. Fanya vivyo hivyo kwa rimu mpya, ambayo nusu yake ni 101.6, nawe utapata 139.6 ndani na 63.6 nje. Kwa hiyo rimu mpya itaisogelea shokapu kwa milimita 9, na itatokeza nje kwa milimita 29, ilhali aliyelinganisha namba za ET peke yake angedhani kwamba tofauti ni 10 tu.

Walakini hesabu hiyo haitoshi mpaka ijulikane gari lina nafasi kiasi gani, na nafasi hiyo haipimwi gari likiwa limesimama tupu uani. Fundi mwenye subira huliinua gari, huitoa springi katika shokapu ya upande mmoja, huirudisha shokapu mahali pake bila springi, hulivisha gurudumu, kisha hulipandisha kwa jeki polepole mpaka mpira wa kikomo ugote, hali ambayo gari huifikia likiwa na abiria watano na kugonga tuta ambalo dereva hakuliona. Hapo huuzungusha usukani hadi mwisho wa kulia na hadi mwisho wa kushoto, akipenyeza kidole baina ya tairi na ngao ya plastiki iliyomo ndani ya madigadi. Na mahali kidole kinapokwama hupaka chaki. Kwa nyuma, adui ni ukingo wa chuma uliokunjwa kiwandani kama pindo la kanzu, ambao hukata ubavu wa tairi kimya kimya. Waweza kulazwa, mradi rangi ipashwe moto kwanza isipasuke.

Tairi husomwa kwa namba tatu: upana kwa milimita, kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, na kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi ya 205/55R16 ina kipenyo cha milimita 632 hivi. 225/45R17 ina 634, na 225/40R18 ina 637, basi zote tatu zaweza kubadilishana bila spidomita kusema uongo mkubwa. Mimi huipendelea ya inchi 17. Ubavu wake una milimita 101 dhidi ya 90 za ile ya inchi 18, na katika barabara zenye mashimo milimita hizo 11 ndizo zinazoinusuru rimu isipinde. Wako wapendao kuivuta tairi nyembamba juu ya rimu pana, mtindo unaopendwa Japani na Ulaya. Siukubali kwa gari la kutembelea kila siku, kwa kuwa tairi iliyovutwa hivyo yaweza kubanduka katika kikalio chake gurudumu linapogonga shimo.

Fauka ya hayo, Impreza nyingi huendesha magurudumu yote manne, na Subaru huelekeza kwamba mzingo wa tairi moja usipishane na wa nyingine kwa zaidi ya robo inchi. Robo hiyo ya inchi ni sawa na milimita moja tu ya kina cha kashata, kwa hiyo tairi moja mpya iliyowekwa pamoja na tatu zilizolika huitesa difu ya kati.

Ubavuni pa tairi tazama pia namba ya uzito ambao tairi yaweza kubeba: 91 maana yake kilo 615 kwa tairi moja, na 87 ni kilo 545. Tazama na tarehe, ambayo ni tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT, 2319 ikiwa ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Rimu zitokazo Japani hutafutwa alama ya JWL, ithibati ya Kijapani ya uimara wa rimu.

Alaimenti ifanywe mwisho, springi zikisha kutulia kwa siku kadhaa, kwa maana kushusha gari huyalaza magurudumu ndani kwa juu na huiharibu pia shabaha yake ya kwenda mbele, na hilo la pili ndilo lilalo tairi kwa kasi zaidi. Nati zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi, na siku hiyo hiyo usukani ukatwe hadi mwisho ili ukingo wa ndani wa tairi utazamwe kwa tochi, kwa sababu tairi ya gari lililoshushwa yaweza kuonekana nzima kwa anayesimama kando, hali nyaya zimekwisha kutokeza kwa ndani.