Trekta Dogo kwa Nyasi Ndefu: Kiwangwa Ipime Kwanza

Masika yanapokatika, nyasi za Kiwangwa humfika mtu mzima kifuani. Anayesafiri katika barabara ya Bagamoyo hadi Msata huziona zimesimama baina ya mashamba ya mananasi, kijani kibichi, akadhani ni neema tupu. Neema ipo, lakini mkulima anajua kuwa ikifika Septemba nyasi hizo hugeuka kuwa makoa ya moto. Nanasi huhitaji takriban mwaka mmoja na nusu tangu kupandwa hadi kuvunwa, na kipande kimoja cha sigara huweza kuteketeza jasho lote hilo kwa alasiri moja.

Yuko pia ndugu yetu mfugaji. Kiangazi kikikaza, ng'ombe hawajui mpaka wa shamba, na aghalabu ugomvi unaoanzia kwenye malisho huishia kwenye baraza la kata. Nyasi zilizokatwa kwa wakati, zikakaushwa na kuwekwa ghalani, huondoa sehemu kubwa ya sababu ya ugomvi huo. Kwa hiyo ukataji wa nyasi ni suala la uchumi na la amani, wala si la kupendezesha uwanja.

Siku hizi vikundi vyetu vinazungumzia kununua trekta kwa kazi hiyo. Tunawapongeza. Lakini Mwalimu alitufundisha mwaka 1969 kwamba kupanga ni kuchagua, na hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Mwandishi wa safu hii, alipokuwa mtoto akitoka chuoni na juzuu yake kwapani, alizoea kupita penye trekta kubwa la kijiji kimoja lililolala chini ya mwembe. Kuku walitaga kitini. Halikufa kwa uzee. Lilikufa kwa kuwa lilikuwa kubwa kuliko kazi yake na kuliko mfuko wa wenyewe.

Basi tuanze na kazi, siyo na rangi ya bati. Trekta dogo, lenye injini ya nguvu za farasi kati ya 20 na 40, hutosha kabisa kwa nyasi za kikundi. Kanuni ya mafundi ni nyepesi: kwa kila futi moja ya upana wa mashine ya kufyekea, hesabu nguvu za farasi 5 kwenye shafti ya nyuma inayoizungusha. Mashine ya futi 5 yataka nguvu 25 kwenye shafti. Na kwa kuwa sehemu ya nguvu hupotea njiani, injini iwe ya 30 hivi. Hakikisha pia shafti hiyo inazunguka mara 540 kwa dakika, kwani ndicho kipimo cha zana nyingi za namna hii.

Pili, zana yenyewe. Fyekeo la visu vinavyozunguka ni gumu, na visu vyake hurudi nyuma vikigonga kisiki. Lafaa kwa vichaka vidogo na kwa kusafisha njia za kuzuia moto. Lakini hukatakata nyasi na kuzitawanya. Anayetaka majani makavu ya mifugo atafute mashine yenye meno yakatayo kama mkasi, au ya ngoma zinazozunguka, ambayo hulaza nyasi zikiwa nzima. Zote mbili hazipendi mawe wala vichuguu; kwa hiyo shamba likaguliwe kwa miguu kabla ya trekta kuingia.

Tatu, usalama. Trekta fupi hupinduka upesi kwenye mteremko. Lisilo na nguzo ya kinga nyuma ya kiti, pamoja na mkanda, lisinunuliwe hata kwa nusu bei. Mengi ya matrekta madogo yaliyotumika huko Japani yalikwisha fanya kazi katika mashamba ya mpunga, na baadhi ya yale ya zamani hayana nguzo hiyo.

Nne, spea. Kibaha, mkoani mwetu humu, iliunganisha matrekta ya Valmet ya Finland katika miaka ya 1980, na baadaye yakaja ya Ursus ya Poland. Mwaka 2021 kampuni hiyo ya Poland ilitangazwa kufilisika. Funzo ni kwamba mtengenezaji huweza kutoweka huku trekta lake likingali shambani. Kabla ya kulipa, kikundi kimtume mjumbe Dar es Salaam akaulize bei ya chujio, sahani za klachi na pampu ya dizeli za aina ile ile. Asipovipata dukani, arudi na fedha zake.

Hatimaye, trekta haliwi badala ya maarifa. Nyasi zikatwe kabla ya kukomaza mbegu, na kisu kisishuke chini ya upana wa kiganja, la sivyo mizizi huchoka na miiba huchukua nafasi. Tuikumbuke ranchi ya Mkwaja, kaskazini mwa Saadani: ndorobo na migunga iliyovamia malisho viliisumbua kwa miaka mingi, ikafungwa mwaka 2000, na leo ardhi yake imo ndani ya hifadhi ya taifa. Malisho yasiyotunzwa hayamngoji mwenyewe.

Twatoa wito kwa vikundi vya Kiwangwa: pimeni ekari, hesabuni dizeli, chagueni dereva mmoja mwenye dhamana na daftari, na tengeni akiba ya matengenezo tangu siku ya kwanza. Hapo ndipo trekta dogo litakapofanya kazi kubwa, na mwembe wa kijiji utabaki kuwa kivuli cha watu.