Dakika za Kungoja ni Kazi



Mfuko wa hewa wa usukani una kilipuzi ndani yake. Ukifumuka mikononi, waweza kuvunja mkono au kupofusha macho.

Katika gari la mizigo la umeme, kwanza lichomoe kwenye chaja na ulizime, maana betri kubwa huilisha ile ndogo. Ondoa waya hasi wa betri ya volti 12. Ngoja dakika zilizoandikwa katika kitabu cha gari, kwani umeme hubaki ndani. Waya za rangi ya machungwa usiziguse. Mfuko usiupime kwa mita. Uweke mezani uso ukielekea juu. Usifunge wa mtumba.

Mwajiri akikataa mngoje, mwiteni mwakilishi wa chama. Dakika hizo ni kazi, nazo zilipwe.