Mgeni wa Baharini Anapotaka Kutibu Wagonjwa Wetu

Parokia nyingi za kusini mwa Tanzania zina marafiki Ulaya na Marekani. Mara kwa mara paroko, au mganga mfawidhi wa zahanati ya parokia, hupokea barua ya aina hii: sisi ni madaktari watatu na wauguzi wawili, tunakuja Tanzania kwa wiki tatu, wiki mbili tutakuwa kisiwani tukipiga mbizi, na wiki moja tungependa kutibu wagonjwa kwenu bila malipo. Barua imejaa upendo. Lakini inataka jibu, na mara nyingi anayeombwa kuliandika ni frateri aliye likizo, kwa sababu anajua Kiingereza na ana kompyuta.

Wengi hujibu "karibuni" kabla hata ya kumaliza kuisoma. Mgeni ni baraka, na kumkatalia mfadhili ni jambo la kuogopesha. Makala hii inaeleza safari hizi zikoje, zinasaidia wapi na zinaumiza wapi, ili anayejibu barua kutoka Nachingwea au Ruangwa ajibu kwa faida ya mgonjwa.

Safari yenyewe ikoje

Mpiga mbizi wa kitalii hubeba mgongoni mtungi wa hewa iliyoshindiliwa, huvaa miwani ya maji na mapezi ya miguuni, kisha hushuka mita 10, 20 au 30 kutazama matumbawe na samaki. Ni mchezo wa gharama, na hauruhusiwi bila mafunzo. Nchini kwetu wageni huufuata Unguja, Pemba, Mafia na Mtwara. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo hifadhi ya bahari ya kwanza nchini. Ile ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, mkoani Mtwara, ilitangazwa mwaka 2000.

Wazo la kuunganisha bahari na tiba si gumu kulielewa. Mgeni akifika visiwa vidogo vya Mafia kama Chole, Juani au Jibondo, analala pazuri, lakini jirani yake ni mama mjamzito ambaye akizidiwa lazima apande mashua kwanza ndipo aanze safari ya kwenda hospitali ya wilaya, Kilindoni. Daktari mwenye moyo akiona hivyo hawezi kufurahia samaki tu. Anauliza, "Nami nifanye nini?"

Nachingwea na Ruangwa hazina bahari. Lakini kutoka pwani ya Lindi au Mtwara ni safari ya saa chache kwa gari, na kusini kuna hospitali za Kanisa zenye urafiki wa miaka mingi na watu wa nje: Mnero wilayani Nachingwea, na Nyangao na Ndanda katika barabara ya Lindi kwenda Masasi. Hivyo barua za wapiga mbizi hufika hata bara.

Kuna jambo moja la kitabibu ambalo msomaji wa bara anapaswa kulijua. Mpiga mbizi anapovuta hewa kilindini, naitrojeni huingia katika damu na nyama za mwili. Akipanda juu haraka, au akipanda ndege mapema, gesi hiyo hutoka kama povu la soda iliyofunguliwa ghafla. Inaweza kuleta maumivu makali ya viungo, kupooza, hata kifo. Ndiyo maana aliyezamia mara kadhaa hushauriwa asubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka. Siku za mwisho za safari zinabaki bila bahari, na ni rahisi mtu kusema, "Hizo tuwape wagonjwa." Mwenye kupokea barua aangalie hapo. Je, mgonjwa amepangiwa siku zake, au anajazia pengo la ratiba?

Wiki moja inaweza kufanya nini

Kuna tiba zinazoanza na kumalizika. Upasuaji wa mtoto wa jicho huchukua chini ya saa moja, na mzee aliyekuwa akishikwa mkono anaweza kuona kesho yake kitambaa kikiondolewa. Bingwa wa macho akija kwa wiki moja, wagonjwa wakiwa wamechunguzwa mapema na wahudumu wa hospitali, na wahudumu hao hao wakabaki kuwaangalia baadaye, amefanya kazi kubwa. Fundi wa vifaa vya hospitali naye anaweza kuacha alama. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba katika hospitali za nchi maskini karibu vifaa 4 kati ya 10 vilikuwa havifanyi kazi. Mtu mmoja anayejua kutengeneza mashine, na akamfundisha mwenyeji, anaweza kuzidi madaktari watatu.

Kuna pia magonjwa yasiyoisha kwa wiki: shinikizo la damu, kisukari, kifafa. Mgeni akimpima bibi wa kijijini Ruangwa, akamkuta na shinikizo kubwa na kumpa vidonge vya siku 30, ni nani atampa cha siku ya 31? Kama jina la bibi halikuandikwa katika daftari la zahanati, na dawa ile haipo katika stoo ya zahanati, bibi amepewa hofu mpya pamoja na mwezi mmoja wa nafuu.

Dhara jingine ni la kimyakimya. Watu wakisikia kwamba mwezi ujao anakuja daktari mzungu, wengine huacha kwenda zahanati na kumsubiri. Akishaondoka, yule tabibu wetu, ambaye hutibu malaria na kichomi mwaka mzima, anaonekana si kitu. Mgeni hakukusudia hayo. Lakini wiki moja ya tiba ya bure inaweza kuvunja imani ambayo mhudumu mwenyeji aliijenga kwa miaka kumi, na imani hiyo ndiyo inayomfanya mama amlete mtoto mapema.

Jambo la tatu ni wanafunzi wa udaktari. Wanaweza kuja kujifunza chini ya msimamizi, na ni vema. Lakini kazi ambayo mwanafunzi haruhusiwi kuifanya kwao, asiifanye Nachingwea. Mwili wa maskini si daftari la mazoezi.

Somo la watoto wachanga

Tanzania ina ushahidi wake kuhusu mambo haya. Kuanzia mwaka 2009 wakunga katika hospitali 8 nchini walifundishwa njia rahisi ya kumsaidia mtoto mchanga asiyepumua: kumkausha, kumchangamsha, na kumpa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Hakuna upasuaji wa mgeni uliofanya hayo. Waliofanya ni wakunga wanaolala katika nyumba za watumishi hapo hapo.

Somo lina upande wa pili. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, watafiti waliona kwamba mafunzo ya siku moja yaliwafanya wakunga wafanye vizuri mbele ya mwanasesere, lakini wodini mambo hayakubadilika. Yalibadilika pale hospitali ilipoanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, yakiongozwa na watu wa hospitali wenyewe. Basi hata mgeni anayekuja kufundisha aulizwe: nani ataendeleza zoezi hili ukiondoka, na lini?

Daktari wa Mnero

Sisi wa kusini tuna kipimo chetu. Mwaka 1935 daktari mpasuaji Mwingereza, Leader Stirling, alifika Lulindi, Masasi, katika misheni ya Waanglikana. Alikaa miaka 14. Kisha akaingia Kanisa Katoliki na kuhamia Mnero, katika misheni ya Wabenediktini, alikofanya kazi tangu 1949 hadi 1964. Alipoondoka kwenda Kibosho, Jimbo la Nachingwea, ambalo tangu 1986 huitwa Jimbo la Lindi, lilikuwa bado changa. Aliingia Bungeni mwaka 1958, na kati ya 1975 na 1980 alikuwa Waziri wa Afya wa Tanzania. Alifariki mwaka 2003.

Hatuwezi kumtaka kila mgeni akae miaka 15. Mwenye wiki moja ana wiki moja. Lakini tunaweza kuona tofauti ilikuwa wapi: Stirling alikuwepo mgonjwa aliporudi na kidonda kibichi. Aliyepasua ndiye aliyeulizwa. Mgeni wa wiki moja hawezi kuwa hivyo, kwa hiyo lazima afanye kazi chini ya mtu ambaye yuko hivyo.

Kalenda ya bahari na kalenda ya shamba

Wageni wa Mafia hupenda miezi ya kaskazi, Oktoba hadi Machi, bahari inapotulia na papa potwe wanapoonekana karibu na Kilindoni. Aprili na Mei, mvua za masika zikikaza, hoteli nyingi za kisiwani hufungwa. Sasa tazama kalenda yetu. Oktoba hadi Desemba watu wa Nachingwea na Ruangwa wako katika korosho. Anayeitwa kupimwa siku nzima anapoteza siku ya kuokota. Baadaye mvua huharibu barabara za vijijini, na kadiri mvua zinavyoelekea mwisho malaria huongezeka. Yaani mgeni yuko nchini tulipo na shughuli nyingi, na hayupo wodi zinapojaa.

Hilo si kosa la mtu. Ila parokia ina haki ya kusema, "Mwezi huo kwetu haufai, mnaweza kuja Juni?" Mgeni anayekuja kwa ajili ya wagonjwa atafikiri upya. Anayekuja kwa ajili ya papa potwe atasema hawezi, na atakuwa amesema kweli, bila mtu kuumizwa.

Sheria haimtambui "msaidizi tu"

Daktari wa kigeni, hata asiyelipwa, anahitaji usajili wa muda wa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kumgusa mgonjwa. Muuguzi anahusika na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Viza ya utalii si ruhusa ya kufanya kazi, na kujitolea ni kazi. Sheria ya uhamiaji inawaweka wanaojitolea katika kibali cha ukaazi Daraja C, pamoja na wamisionari na watafiti. Mgeni aanze kuuliza Uhamiaji mapema, si akiwa uwanja wa ndege. Mganga Mkuu wa Wilaya na ofisi ya afya ya jimbo wajulishwe kabla ya tiketi kukatwa.

Dawa za kwenye begi nazo zina utaratibu wake kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani inataka dawa za msaada ziwe zimeombwa na mpokeaji, ziwe na maandishi yanayosomeka na wahudumu, na zibakiwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuisha muda. Picha za wagonjwa pia si zawadi ya safari: tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na kabla ya sheria hiyo tulikuwa na heshima ya mtu.

Msamaria na mwenye nyumba ya wageni

Wapo wanaosema kuchanganya starehe na huduma ni unafiki. Injili ya Luka haitulazimishi kusema hivyo. Msamaria hakuwa ametoka nyumbani ili kutafuta majeruhi. Alikuwa katika safari zake. Alisimama, akafunga majeraha, kisha akaendelea na safari. Lakini tuone alichofanya kabla ya kuondoka: alimkabidhi mgonjwa kwa mwenye nyumba ya wageni, akatoa dinari mbili, akaahidi kwamba atarudi na kulipa kitakachozidi. Alijua kwamba usiku wa pili atakayekesha ni mwenye nyumba.

Mwenye nyumba ya wageni ni zahanati yetu. Basi jibu la barua liwe la ukarimu na la wazi, kwa mfano:

"Tumsifu Yesu Kristo. Tumefurahi kusikia kwamba mnakuja. Kabla ya kupanga siku, mganga mfawidhi wetu anaomba kujua: kila mmoja wenu ana ujuzi gani na amesajiliwa wapi? Mko tayari kufanya kazi chini yake na kufuata dawa zilizopo kwetu? Mgonjwa akipata shida mkiondoka, tutamwuliza nani, na matibabu yake yatalipwa vipi? Mnaweza kurudi mwakani, au kumtuma mwenzenu kwa kazi hiyo hiyo? Mahitaji yetu ya sasa tumeyaorodhesha hapa chini. Kama ujuzi wenu haumo katika orodha hii, karibuni hata hivyo kama wageni: Misa ya Jumapili, chakula cha mchana, na kuwatembelea wagonjwa kwa kuwaamkia tu."

Orodha hiyo isiandikwe na frateri peke yake. Aende zahanati, akae na mganga mfawidhi na mkunga, aulize kinachokosekana, na kuandika wanayosema wao.