Uzito wa Shahada ya Uzamili ya Mwaka Mmoja

Mhitimu wa Parklands, iliko kampasi ya sheria ya Chuo Kikuu cha Nairobi, aendapo Uingereza kusomea uzamili, aghalabu hurejea baada ya mwaka mmoja. Je, shahada yake itamfungulia mlango wa uzamivu au ualimu wa chuo? Uingereza huipima kwa krediti 180, yaani takriban saa 1,800 za kazi, mapumziko ya kiangazi yakitumiwa kwa tasnifu. Mkataba wa Dunia wa UNESCO wa 2019, unaotumika tangu 2023, huzitaka nchi wanachama zitambue sifa za ng'ambo isipokuwa tofauti kubwa ithibitishwe. Kwa hiyo, yafaa tuulize kwanza kazi iliyotendwa, si miezi iliyopita.