Usikivu wa Mwanachama ni Mali ya Chama



Upungufu wa kusikia kwa watu wazima ni hasara ya kiuchumi, wala si udhia wa nyumbani tu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa upungufu usioshughulikiwa huigharimu dunia dola za Marekani bilioni 980 kila mwaka.

Kwetu Zinga na pwani nzima hasara hiyo huingia kimyakimya. Mkulima asiyesikia vema hupitwa na bei iliyotangazwa, hupokea stakabadhi ya uzito ambao hakuusikia ukisomwa, na katika mkutano mkuu hunyosha mkono kwa kumfuata jirani. Chama nacho hukosa ushauri wa mzee mwenye uzoefu.

Uzee ni sababu mojawapo. Nyingine ni kelele za mashine za kusaga na injini za boti, na mshindo wa baruti katika uvuvi haramu. Chembe za kusikia zilizomo ndani ya sikio zikifa hazioti tena. Hivyo kinga ni bora. Lakini nta iliyoziba huondolewa, na sikio litokalo usaha hutibiwa. Mgonjwa aende zahanati, asichokonoe kwa kijiti.

Katibu naye ana wajibu: aandike bei na uzito ubaoni, amkalishe mbele mwanachama asiyesikia, aseme naye uso kwa uso, na ahakikishe msagaji amevaa vizibo vya masikio. Chaki ni rahisi kuliko mgogoro wa hesabu.